Wa Pili Uwanjani

Papa Arthur aliinua mikono juu ya kichwa kana kwamba amebeba tofali, akakunja magoti, akaanza kutetemeka mwili mzima. Ukumbi wa Koleji ya Mtakatifu Evaristi ukalipuka kwa kicheko. Kila mwaka, kwenye mkutano wa Chama cha Wahitimu, mwenyekiti huyo aliigiza jinsi Zaina Amuri, akiwa na miaka kumi na sita, alivyopigishwa magoti kwenye changarawe kwa kosa la kucheka wakati wa bendera, tofali mikononi, tangu bendera ilipopandishwa hadi kengele ya adhuhuri. Na kila mwaka alimalizia kwa maneno yaleyale:

"Mumuangalie leo! Maître Zaina, avocate! Tofali ndiyo ilimujenga!"

Zaina, sasa wakili, alicheka pamoja nao. Alikuwa amekizoea kicheko hicho kama mtu anavyozoea kiatu kinachobana, akajua mguu auweke wapi.

Mtu mmoja tu hakucheka. Mama Marthe, mkuu wa koleji, alikaa kwenye ncha ya meza, mikono juu ya daftari lililofungwa. Yeye ndiye aliyeifuta adhabu ya tofali. Mwezi uliopita msichana mmoja, Jemima, alizimia uwanjani juani, na kesho yake Mama Marthe akamwita mwashi, akamwamuru atumie matofali yote ya adhabu kujenga ngazi ya choo cha wasichana. Wahitimu walipopata habari waliona wametemewa mate. Wao ndio walioezeka upya madarasa baada ya vita, na katiba ya koleji iliwapa viti vinne kati ya saba vya baraza, kimoja kikiwa cha Zaina. Kura nne zilitosha kumng'oa mkuu. Barua ya kumng'oa ilikuwa mezani, katika Kifaransa kisicho na ufa, na aliyeiandika ni Zaina.

"Bon," alisema Papa Arthur, akijifuta jasho. "Mama Marthe, wewe haukusoma hapa. Hauwezi kutuelewa. Discipline ndiyo jina ya hii koleji. Uko na neno mbele ya kura?"

"Niko na swali moja, kwa Maître." Sauti yake ilikuwa kavu, haikuomba kitu. "Siku ile, pale uwanjani, mulikuwa wangapi?"

Zaina alifungua kinywa ajibu kwa mzaha, mzaha usije. Katika miaka yote ile ya kusimuliwa, hakuna aliyewahi kumuuliza.

"Wawili," alisema.

"Na wa pili ni nani hapa ndani?"

"Hiyo iko nje ya ajenda!" Papa Arthur alipiga meza.

"Donc, hayuko," alisema Mama Marthe.

Zaina akasimama, akautazama ukumbi. Aliwaona wahandisi, wachungaji, madaktari, wenye meli za mizigo, wote wenye diploma, kwa maana mialiko ilipelekwa kwa wenye diploma peke yao. Miaka yote alikuwa akiitazama safu hii ya watu walionyooka na kuiona kama ushahidi kwamba tofali linajenga. Yeye, wakili, hakuwahi kujiuliza ni mashahidi gani ambao hawakuitwa.

"Safiya," alisema. "Anaitwa Safiya. Alikuwa wa kwanza kwa hesabu, mimi nilikuwa wa tatu."

"Zaina, keti," alinong'ona Franck, katibu wa chama.

"Mikono yake ilichoka kabla ya yangu. Tofali likamwangukia, likamvunja vidole viwili. Akapiga kelele, akamtukana mwalimu wa nidhamu, akafukuzwa siku ileile. Na aliyecheka kwenye bendera hakuwa yeye." Ni mimi. Walitukamata sote wawili kwa sababu tulisimama bega kwa bega. Neno moja langu lingemtoa pale. Sikulisema."

Hakuna aliyecheka. Zaina aliyajua mabaraza ya namna hii, akaona nyuso zikifungwa moja baada ya nyingine, kama maduka yanavyofungwa ghasia inapokaribia.

Kura zikapigwa kwa mikono. Tatu zilipanda upesi. Papa Arthur akamgeukia.

"Tulikubeba wewe. Mwanamuke wa kwanza kwenye bureau ya chama! Leo unatuvua nguo mbele ya mutu wa inje?"

Zaina aliweka mikono yote miwili juu ya meza, akaiacha pale.

Alipotoka, hakuna aliyempisha mlangoni. Mtu alimpiga kikumbo cha bega, makusudi. Hata Mama Marthe, ambaye kura hiyo ilimwokoa, hakumshukuru. "Wataleta barua ingine Jumamosi," alisema tu. "Muambie huyo Safiya akuje aseme mwenyewe."

Safiya aliuza mafuta ya mawese kwenye baraza ya nyumba yake, mtaa wa Kabondo. Zaina hakuhitaji kuuliza njia. Alimkuta amechuchumaa kati ya madumu, faneli mkononi, vidole viwili vya mkono wa kulia vimenyooka kama vya mtu mwingine.

"Safiya. Ni mimi."

"Ninakuona."

"Leo nimesema mbele ya wote. Kwamba aliyecheka ni mimi."

"Umewaambia wao."

"Ndiyo."

"Miaka makumi tatu unapita hapa na gari, vioo juu. Na wao ndio umeanza kuwaambia."

"Unisamehe, dada."

"Hapana." Alilitamka bila hasira, kama mtu anayesema mafuta yamekwisha.

Pikipiki zilipita zikitimua vumbi. Zaina, asiyejua afanye nini na mikono yake, akaeleza habari za Jemima aliyezimia, za barua, za Jumamosi, za Mama Marthe anayemtaka aje mbele ya baraza.

"Nije kama nani?" aliuliza Safiya.

Zaina aliijua katiba ile kwa moyo. Sehemu yake kubwa aliiandika yeye. Wenye haki ya kusema barazani: mhitimu, mzazi, mwalimu, padri. Aliipitia kichwani mstari kwa mstari, akatafuta jina la mtu kama huyu, akarudi mikono mitupu.

Mteja mmoja akaweka chupa chini. Safiya akaishikilia faneli kwa vile vidole vigumu, akamimina hadi shingoni, akapangusa tone kwa kitambaa.

"Huyo mutoto aliyeanguka," alisema bila kugeuka. "Amepona?"

"Amepona. Amerudi darasani."

Safiya akafunika dumu. Hakumwambia Zaina akae, wala hakumwambia aende.