Ombi la Opereta

Maji ya bomba yalikuwa yamekatika tena, kwa hiyo opereta wa presi namba tatu alikuwa akijisugua mafuta mikononi kwa vumbi la mbao, kidole kimoja kimoja. Alipofika kwenye gumba la kulia alikaza zaidi. Gumba hilo lisipokuwa safi, mashine haimtambui mtu.

"Shemeji," alimwambia karani wa mipango, aliyekuwa amesimama pembeni na kikombe chake cha chai, "breki inachelewa."

"Inachelewa vipi?"

"Nikiachia pedeli, nyundo haisimami palepale. Inashuka kidogo tena, kama mlevi anayetafuta kiti." Alicheka peke yake. "Na ile kinga ya mbele wameifunga kwa waya ibaki wazi. Eti ikishuka na kupanda inatupotezea muda."

"Si umwite fundi wa matengenezo."

"Nimemwita mara tatu. Anasema hagusi mashine bila namba ya kazi. Namba ya kazi inatoka kwenye mfumo. Mfumo hautoi mpaka oda ifike vifuniko elfu moja, ijifunge yenyewe kusubiri ukaguzi. Sasa niambie wewe, oda yangu imefika elfu moja lini mara ya mwisho, Mama Vipande?"

Jina hilo alipewa na watu wa presi, na hakulipenda. Kazi yake ilikuwa kukaa ghorofani nyuma ya kioo, mbele ya kompyuta, na kugawa oda. Mteja akitaka vifuniko elfu tatu vya makopo ya rangi, yeye anavikata vipande vya mia tisa na kitu, kila kipande na namba yake. Kwa mfumo, kila kipande ni oda mpya, na hesabu inaanza sifuri. Kwa presi, ni mapigo yaleyale tangu asubuhi. Kila kipande kinapofunguliwa, opereta anaweka gumba kwenye kijisanduku cha kusoma alama za vidole kuthibitisha kwamba amekagua kinga na breki. Taa ya kijani inawaka. Kazi inaendelea, na kipande kikiisha, gumba lilelile ndilo linalokifunga.

"Kesho una elfu nne na mia nane za mteja mmoja," opereta alisema. "Nimeiona ubaoni. Usiigawe. Hiyo moja tu, iache nzima. Ikijifunga, fundi atashuka hata kama hataki."

"Sawa."

"Sawa ya kweli au sawa ya ofisini?"

"Nimesema sawa, shemeji. Unataka niape?"

Alikuwa mume wa dada yake. Gereji aliyokuwa akifanyia kazi ilipofungwa, karani ndiye aliyepeleka barua yake ya maombi, akaiweka juu ya nyingine zote.

Kesho yake, saa moja kasorobo, oda ilikuwa kwenye skrini, nzima, mstari mmoja. Karani aliitazama kwa muda akabonyeza kuihifadhi. Kisha akasikia kiti chake kikisogea kidogo nyuma. Meneja wa uzalishaji, ambaye kila mtu alimwita Mhandisi, alikuwa ameshika mgongo wa kiti kwa mikono miwili. Hakuwahi kutuma maagizo kwa maandishi. Alikuja, akashika kiti, akasema.

"Mbona sioni vipande?"

"Mhandisi, presi namba tatu ina shida ya breki. Nilifikiri leo tuiache ijifunge, fundi aiangalie."

"Umefikiri." Alilirudia neno hilo bila hasira. "Fundi akiingia ni saa mbili, akikosa spea ni siku mbili. Lori linakuja saa tisa. Utawapakilia nini, breki?"

"Opereta mwenyewe ndiye aliyelalamika."

"Opereta yupi? Shemeji yako?" Alitabasamu. "Ndiyo maana. Dada, hapa hatupangi kazi kwa ukoo. Akiona mashine mbovu, asiweke kidole. Nani anamshika mkono?"

Karani alijua kilichompata wa mwisho aliyekataa kuweka kidole. Alipelekwa kufagia bohari kwa wiki mbili, kisha hakuonekana tena.

"Mia tisa na sitini," Mhandisi alisema. "Tano. Usiandike mia tisa tisini na tisa, inavuta macho."

Mikono haikutoka kwenye kiti. Karani alifungua oda, akabonyeza *gawa*, akaandika tano. Mfumo ukauliza sababu, kama kawaida yake. Akabonyeza ya kwanza kwenye orodha, kama kawaida yake. Mstari mmoja ukawa mitano. Chini, kupitia kioo, alimwona shemeji yake akisoma skrini ndogo ya presi. Alisimama mbele yake muda mrefu kuliko siku zote. Hakuinua uso kutazama ghorofani. Akalifuta gumba kwenye suruali, akaliweka.

Saa tano kasorobo karani alikuwa anapiga simu bohari alipogundua kwamba anasikia vizuri mno. Presi zote zilikuwa zimenyamaza.

Hospitalini karani alimkuta shemeji yake amelazwa karibu na dirisha, mkono wa kulia umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, mfupi kuliko unavyopaswa. Dada alikuwa akimmenyea chungwa, akilikata vipande vidogo kuliko ilivyohitajika.

"Ile oda," mgonjwa alisema. "Uliikata?"

"Niliikata."

"Vingapi?"

"Vitano."

Alifikiri. "Mimi niliishia cha tatu."

Dada alimsindikiza karani hadi kwenye ngazi. Hakulia. "Kuna kamati Alhamisi," alisema. "Wakiandika ni uzembe wake, fidia hapati, na hiyo nyumba ni ya kampuni, tunatolewa. Wewe unajua ilivyokuwa. Si unajua, mdogo wangu?"

"Najua."

"Basi kaseme hivyohivyo. Usiongeze, usipunguze."

Kamati ilikuwa na watu watatu: afisa utumishi, mwanasheria wa kampuni, na Mhandisi, aliyewekwa pale kama mtaalamu wa mashine. Karani alikuja na karatasi moja aliyoichapisha mwenyewe, yenye namba ya oda mama na chini yake namba za watoto wake watano.

"Hizi si oda tano," alisema. "Ni oda moja. Ingeachwa nzima ingejifunga kwenye elfu moja, fundi angeitwa. Shemeji yangu aliumia kwenye pigo la elfu mbili mia tatu na thelathini na mbili. Wakati huo breki ingekuwa imeshakaguliwa."

Alikuwa ameyarudia maneno hayo nyumbani, na yalikuwa ya kweli yote.

"Asante," afisa utumishi alisema, akaandika. "Nani aliigawa?"

"Mimi."

"Kwa agizo la nani?"

"La Mhandisi."

Mhandisi alikuwa akitazama kalamu yake. "Ningependa kuliona hilo agizo," alisema kwa upole.

"Ulisema kwa mdomo. Ulikuwa umeshika kiti changu."

"Kiti," alisema mwanasheria. Hakucheka, ila aliliacha neno likae mezani. Kisha akavuta karatasi nyingine kutoka kwenye faili lake, ndefu kuliko ya karani. "Mfumo unatunza zaidi ya namba, dada. Kila oda ikigawanywa, unatunza nani, saa ngapi, na kwa sababu gani. Sababu unaichagua wewe?"

"Ndiyo. Kuna orodha."

"Nisomee hii ya siku ya ajali."

Karani alisoma. Kisha akasoma tena, kimyakimya.

"Kwa sauti, tafadhali."

"Ombi la opereta."

"Na hii ya juzi yake? Na hii? Hii ya mwaka jana?"

Ilikuwa ileile, kurasa kumi na moja. Ombi la opereta. Ombi la opereta. Kwa miaka miwili alikuwa amebonyeza sababu ya kwanza kwa sababu ilikuwa ya kwanza, na hakuna aliyewahi kuuliza.

"Kwa hiyo opereta aliomba oda zigawanywe zisijifunge," mwanasheria alisema, "na asubuhi hiyo akathibitisha mara tatu, kwa kidole chake mwenyewe, kwamba breki na kinga ni nzima. Kuna uliloliacha?"

"Hakuomba. Aliomba kinyume chake. Aliniomba mimi."

"Kwa maandishi?"

Jumatatu barua ya kamati ilifika hospitalini. Dada hakumpigia simu. Alimtumia picha ya barua, bila neno.

Siku hiyohiyo Mhandisi alikuja akashika kiti. "Kile kipande cha tatu bado kipo wazi," alisema. "Mteja anapiga kelele."

Karani alikifungua. Vifuniko mia nne na kumi na mbili kati ya mia tisa na sitini. Chini yake, kwa herufi nyekundu: *Inasubiri kidole cha opereta.*

"Haifungiki," alisema. "Inataka gumba lake la kulia."

"Nimeliona hilo. Igawe. Hizo mia nne na kumi na mbili ziache hapo kwa jina lake, mia tano arobaini na nane mpe mtu mpya."

"Na hizo zake zitakaa mpaka lini?"

"Zinakula nini?"

Alibonyeza *gawa*. Mfumo ukauliza sababu. Safari hii aliisoma orodha yote, kutoka juu hadi chini: ombi la opereta, ombi la mteja, upungufu wa malighafi, mabadiliko ya ratiba, uwiano wa kazi. Akairudia kutoka chini hadi juu. Mshale ukasimama palepale ulipozoea kusimama.

"Chagua tu, dada," Mhandisi alisema juu ya kichwa chake. "Yoyote."

Chini, nyuma ya kioo, mtu mpya alikuwa amesimama mbele ya presi namba tatu. Kinga ilikuwa bado imefungwa kwa waya. Alitema mate kwenye gumba, akalifuta kwenye suruali, akalishikilia juu ya kijisanduku, akisubiri.