Malaika Hawali

Alikuwa mwanamke mzima, lakini mtaa mzima ulimwita Kicheko, kama mtoto. Alichelewa kusema, na kusoma hakukumwingia kamwe. Kazini hakuwa na mchezo: kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, alikofanya kazi na mama yake, shuka alizokunja yeye zilikaa kama zimepigwa pasi.

Mwaka huo mama alimwandikisha darasa la kipaimara, naye apate kushiriki meza ya Bwana. Hakukosa hata siku moja. Mama akamshonea gauni jeupe.

Siku ya maswali mchungaji alimuuliza, "Mkate huu ni nini?"

"Chakula cha Yesu," alijibu Kicheko, akacheka. "Tunakula wote."

Mchungaji akamgeukia mama, kana kwamba binti hayupo. "Mama, tusidanganyane. Ushirika unataka mtu anayeelewa. Ila usihuzunike, huyu hana dhambi. Huyu ni malaika wetu."

"Malaika hawali, Baba Mchungaji. Huyu anakula. Ananuna, anadokoa sukari, anampenda dereva wa gari la wagonjwa. Huyu ni mtu."

"Mungu anamwelewa."

"Hilo najua. Nakuuliza wewe, mchungaji wake."

Mchungaji akamwita wa kuulizwa anayefuata.

Jumapili ya kipaimara wenzake waliitwa mezani mmoja mmoja. Kicheko, ndani ya gauni lake, akasimama bila kuitwa. Mzee wa kanisa akamshika bega, akamkalisha taratibu.

Tangu hapo mama naye akaacha kwenda mezani. Aliona ndiyo njia ya kumtetea mwanawe. Watu wakijipanga, yeye anabaki kwenye benchi, midomo ameibana. Jumapili moja Kicheko alimtazama wee, kisha akamnong'oneza kwa sauti iliyofika hadi kwaya:

"Mama, kumbe na wewe hujui majibu?"

Kanisa likacheka. Mchungaji akatabasamu, akaendelea kugawa. Mama akamshika binti yake mkono, wakatoka, na hakuna aliyewafuata.

Jumapili iliyofuata mama alitaka kubaki nyumbani, lakini Kicheko alishavaa, kakaa mlangoni anamsubiri. Wakaenda. Wakati wa maombi mchungaji akafumba macho: "Tumwombee dada yetu aliyejaa uchungu. Bwana, mlainishe moyo."

Mama hakufumba macho. Pembeni yake Kicheko, asiyejua anaombewa nani, akaitikia "Amina!" kwa nguvu kuliko wote.