Mchezo wa Kuosha Vyombo

Mwalimu wetu wa kisomo cha watu wazima alinirudishia karatasi yangu bila alama. Alikuwa ametuagiza tuandike maoni yetu juu ya jambo linalopendwa na vijana, kisha Ijumaa tuyasome mbele ya darasa. Mimi niliandika kwamba michezo ya video inawafanya vijana kuwa wavivu, nikatoa mfano wa binti yangu.

"Mama, mchezo wenyewe umeuona?" aliniuliza.

"Nimemwona anayeucheza."

"Huyo ni binti yako. Mimi nimeuliza mchezo."

Darasa lilicheka. Fundi cherehani, ninayeketi naye dawati moja, akaniinamia. "Afadhali mimi niliyechagua muziki. Nimesema nyimbo za siku hizi ni kiitikio kitupu, zinaisha hata sijatunga uzi kwenye sindano. Nazo nazisikia kutwa kutoka duka la jirani, nitake nisitake."

Nilirudi nyumbani nyayo zikiniwaka. Kazi yangu ni kupiga pasi mashuka ya hospitali, na mashuka hayo hayana mwisho. Niliyoyakunja leo hunirudia yakiwa yametumika. Binti yangu, mwanangu wa pekee, huosha masufuria katika jiko la hoteli. Akirudi, huoga, huketi sakafuni mbele ya televisheni yangu, huchomeka kimashine chake cha michezo, na hanisemeshi tena mpaka alale. Ndiyo maana nilikuwa nimempa mdogo wangu ahadi kwamba Jumamosi aje aichukue televisheni hiyo. Binti aliposikia hakubisha. Alisema tu, "Sawa, mama," na tangu hapo hata salamu zake zikawa za mkato. Ukimya ule ulinichosha kuliko pasi.

Jioni hiyo nilishuka kitini nikaketi sakafuni kando yake.

"Umeangusha kitu?" aliuliza.

"Nimekuja kutazama. Nina kazi ya darasani."

"Kumbe mimi ndiye mtihani wenyewe."

"Si wewe. Ni hicho kidude chako."

Alinisogezea mto. Kwenye kioo niliona jiko, karai, rundo la sahani, na kikatuni cha mwanamke aliyejifunga aproni, akisugua.

"Mwanangu, umetoka kuosha vyombo, umekaa unaosha vyombo?"

"Ndiyo, mama."

"Na vya humu ndani vimelala kwenye beseni."

"Hivyo ni vyetu. Hivi vina wateja."

Maandishi yakatokea. Mchezo huo ulitengenezwa na vijana wanaosema lugha yetu, na maneno yake yalikuwa mepesi. Mwalimu ametufundisha kwamba msomaji haachi sentensi kabla ya kufika kwenye nukta, na kidole kikae chini ya neno. Nikaweka kidole kwenye kioo. Kabla sijafika katikati, binti akabonyeza, maneno yakatoweka.

"Rudisha. Sijamaliza."

"Hayo watu huyaruka, mama."

"Nani anaandika ili arukwe? Rudisha."

Akaanza upya. Nikasoma polepole kwamba mteja wa meza ya dirishani anasubiri sahani safi. Nilipofika kwenye neno "safi", mteja alikuwa amewiva uso kwa hasira, akasimama, akaondoka. Wa meza ya pili akamfuata.

"Unanifukuzia wateja."

"Waende zao. Mtu asiyeweza kungoja sentensi moja, chakula atakingoja vipi?"

Hapo alicheka, akaniegemea begani. Kicheko hicho nilikuwa nimekisahau.

Aliendelea kusugua, mimi nikisoma, mpaka rundo likaisha. Taa ya jiko ikazimika, yakaja maneno: *Kazi imekwisha. Pumzika.* Niliyasoma mpaka nukta, nikaondoa kidole ili abonyeze. Hakubonyeza. Aliweka mikono mapajani, vidole vimechubuka kwa sabuni, akayatazama.

"Haya huyaruki?"

"Haya huwa nayaacha yakae."

"Kwa nini?"

"Kazini hakuna anayeniambia hivyo, mama. Nikimaliza sufuria, linaletwa jingine. Humu nikimaliza, nimemaliza."

Nilifikiria mashuka yangu. Tukabaki tumekaa mbele ya maneno yale kama watu wanaoota jua.

Ijumaa nilisoma karatasi mpya. "Bado naona michezo hii inakula muda, na muziki wa mchezo nilioutazama unakera kama mbu sikioni. Lakini anayeucheza si mvivu. Amechoka, na pale ndipo anapoona kazi ikiisha."

Fundi cherehani aliguna. "Wangetengeneza na wa kushona, ningenunua."

Jumamosi mdogo wangu alifika na shuka la kufungia televisheni.

"Shikamoo, mama mdogo," binti alisema bila kugeuka.

"Marahaba. Dada, nimekuja kubeba mzigo wangu."

"Hautoki."

"Si ulisema mchezo unamharibu mtoto?"

"Nilisema kabla sijausoma."

"Na mimi nimekuja bure?"

"Keti. Tunangoja zamu iishe."

Aliketi akinung'unika, shuka mapajani. Kwenye kioo, pale chini yanapotokea maandishi, alama za kidole changu zilikuwapo bado. Binti hakuwa amezifuta. Alisugua sahani ya mwisho, taa ya jiko ikazimika, naye akasogea pembeni kunipisha.

"Yamekuja, mama," alisema. "Soma."