Sungura Aliyelia Kichakani

Fundi wa vioo hakuwa mtu wa majigambo mpaka umtajie bunduki. Ukimtajia, umekwisha. Angekuacha umesimama dukani na kipimo cha dirisha lako mkononi, huku akikueleza kwa nini mtu mwenye akili timamu anakwenda porini na risasi moja.

"Kioo unakikata mara ngapi?" angekuuliza. "Mara moja. Ukirudia mstari umekiharibu. Na bunduki ni hivyo hivyo."

Basi mtaa mzima ukamwita Moja Tu, na jina hilo alilipenda kuliko alilopewa na wazazi wake.

Bunduki yenyewe ilikuwa ndogo, ya mtutu mmoja, aliyoirithi kwa mjomba wake. Unaikunja, unatia risasi, unaifunga. Ukikosa, mnyama hakungoji utie nyingine. Kwa hiyo ilikubidi ujue kunyata, ujue upepo unatoka wapi, utambae kwa viwiko hadi uone sungura anavyotafuna. Moja Tu alipenda hasa kile kitambo kabla ya kufyatua, pumzi umeibana na dunia nzima haina kitu kingine ila sikio moja linalotikisika. Watu wenye bunduki za kisasa walimwomba wafuatane naye Jumamosi, na ukiwauliza wanafuata nini hawakujua kukueleza. Walisema tu kwamba nyama ya risasi moja ina utamu wake.

Pamoja na bunduki alirithi sheria ya mjomba, nayo aliihubiri kwa kila aliyemfuata. Ukimjeruhi mnyama, ni wako mpaka afe. Unamfuata hata kama umechoka, hata kama wenzako wamerudi nyumbani.

Kaka wa mkewe, dereva wa lori, alikuwa na bunduki ya risasi tano, na kwa hilo hakuachwa apumue. "Shemeji, wewe huwindi," Moja Tu alimwambia kila mara. "Wewe unapiga makofi." Dereva alicheka. Alikuwa mtu mzito, mpole, aliyezoea kukaa kwenye foleni bila kupiga honi. Mama yao naye alimpenda sana mkwewe, na hakuona haya kumwambia mwanawe mbele ya watu, "Ungejifunza kwa mwenzako."

Jumamosi hiyo walikwenda watatu kwenye mashamba yaliyoachwa nyuma ya kiwanda cha matofali: Moja Tu, Dereva, na Kinyozi, ambaye hakuwa na bunduki ila alibeba mfuko na maneno. Jambo likikaa kwenye kiti chake asubuhi, mchana limefika sokoni. Mapema tu Dereva alimfyatulia sungura risasi mbili, sungura akaenda zake mzima, na Kinyozi akacheka hadi akakaa chini.

"Sasa tazameni," alisema Moja Tu.

Aliwaacha nyuma ya mteremko, akatambaa. Sungura alikuwa ameketi kando ya tuta la zamani, ubavu umeelekea kwake, karibu kabisa. Ilikuwa kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini alikuwa anamfikiria Kinyozi na hadithi atakayokwenda kuisimulia, na triga aliivuta kwa pupa badala ya kuibana taratibu. Alijua amekosea kabla mlio haujaisha. Sungura aliruka, akaanguka, akainuka na mguu mmoja wa nyuma ukining'inia, akajiburuta hadi ndani ya kichaka cha miiba.

Wenzake walikuja juu ya mteremko. "Umempata?" aliuliza Kinyozi.

Kulikuwa na jibu moja tu la haki: shikeni bunduki, nipeni kisu, naingia kichakani. Moja Tu alijiona anatambaa kwenye miiba, makalio juu, na Kinyozi amesimama nyuma yake anahesabu kila mkwaruzo.

"Nimemkosa," alisema. "Upepo umegeuka."

Kukosa kulisameheka. Kinyozi alishaanza kutabasamu, na Moja Tu alishajiandaa kuulaumu upepo, ndipo sungura alipolia. Mnyama huyu huishi kimya maisha yake yote, lakini akiumia hulia kama mtoto mchanga aliyeachwa peke yake ndani ya nyumba. Sauti ilitoka kichakani, ikanyamaza, ikatoka tena.

"Nini hicho?" aliuliza Kinyozi.

"Ndege," alisema Moja Tu. "Twendeni, jua linapanda."

Kinyozi aliamini. Yeye alijua nywele. Ya porini angeyajulia wapi? Dereva alikitazama kichaka, kisha akamtazama shemeji yake, muda mrefu kidogo kuliko kawaida.

"Tangulieni," alisema. "Nakuja."

Walikuwa wameshaanza chai kwa mama mkwe, mke wa Moja Tu akiwamiminia, Dereva alipoingia. Mikono yake ilikuwa imechanwachanwa na miiba hadi kwenye viwiko. Alimweka sungura juu ya gazeti, na kila mtu akauona mguu uliovunjika.

"Huyu ni yule wangu wa asubuhi," alisema. "Kumbe nilimpata. Nimemkuta bado yu hai, nikammaliza kwa mkono."

Mama yake aliweka kikombe chini. "Umemwacha kiumbe wa Mungu anateseka tangu asubuhi?"

"Nimekosea, mama."

"Kila siku nakwambia ujifunze kwa shemeji yako. Kwake risasi ni moja, na mnyama hajui hata kama amekufa." Akamgeukia mkwewe. "Hebu mwambie, mwanangu. Pengine wewe atakusikia."

Wote walimtazama. Dereva peke yake hakumtazama. Aliinamia mikono yake, akatoa mwiba. Moja Tu aliona aibu, na bado mdomo wake ukafunguka.

"Atajifunza tu," alisema. "Pole pole."

Tangu hapo hakuwa na raha. Kinyozi aliinogesha hadithi, na kwenye yadi ya malori Dereva akapewa jina jipya, wakawa wanamwita Mguu. Mke wa Moja Tu aliwasimulia majirani habari za kaka yake na kucheka hadi machozi. Dukani Moja Tu aliharibu kioo cha kabati la mteja, akakata kingine, akakiharibu nacho. Alijikaza kisabuni kwa siku kadhaa, kisha akafunga duka mchana na kwenda kwenye yadi.

Dereva alikuwa anakagua matairi. "Shemeji," alisema Moja Tu, "ulijua."

"Nilijua."

"Sasa kwa nini ulisema ni wako?"

Dereva alijifuta mikono kwa kitambaa. Hakuwa na hasira, na hasira ingekuwa afadhali. "Nilidhani nikisema vile, hutaweza kunyamaza," alisema. Akarudi kwenye matairi yake.

Moja Tu alimkuta mkewe anapiga pasi. Alibaki amesimama mlangoni, akamwambia: yule sungura ni wangu, si wa kaka yako. Kisha akaanza kujieleza. Kwamba Kinyozi alimtia haraka. Kwamba mkono humteleza hata bingwa, hata mjomba iliwahi kumtokea. Alijisikia anazidi kupata nafuu kadiri alivyosema, maana aliona sasa kwamba kosa lenyewe lilikuwa dogo, la kidole tu.

"Sikuulizi habari za kidole," alisema mkewe. "Ulimsikia akilia?"

Upepo ulikuwa mkali, alitaka kusema. Neno lilikuwa tayari ulimini.

"Nilimsikia."

"Halafu ukaja ukanywa chai."

"Ndiyo."

"Na mimi ndiye niliyekumiminia, nikimcheka kaka yangu."

Mkewe alichomoa pasi ukutani, akachukua simu, akaenda chumbani kumpigia kaka yake. Mlango akaufunga.