Upepo Ulipohamia Kisogoni

Siku ya tatu milimani, ukungu uliwashukia saa nane mchana, na Greer akajua kwamba sasa uhai wa Struan umo mdomoni mwake.

Hakuwa akitia chumvi. Ukungu mweupe ukikaa juu ya theluji nyeupe, wapanda milima wa Scotland hutembea hivi: mmoja hutangulia mpaka akaribie kupotea machoni, na mwenye dira hubaki nyuma akimwita, kushoto, kulia, simama. Kisha humfuata alipo, wakaanza tena. Struan ndiye aliyetangulia kwa sababu kilele kile kilikuwa cha mwisho kwake. Milima ya nchi ile inayozidi futi elfu tatu ni mia mbili themanini na miwili, naye alikuwa ameipanda yote isipokuwa huu mmoja, uitwao Beinn na Gaoithe, yaani Mlima wa Upepo kwa Kigaeli. Miaka ishirini na sita ya mvua na malengelenge. Kwa desturi, anayemaliza ndiye hugusa kwanza rundo la mawe la kileleni, na marafiki humfuata na chupa.

Chupa alikuwa nayo Innes, aliyekuja nyuma kabisa akihesabu hatua.

"Mia tatu na kumi," Innes alisema. "Zimebaki kama mia mbili. Mwambie mzee apunguze mwendo, mbio za sakafuni huishia ukingoni."

"Nimekusikia," Struan alijibu kutoka ukunguni. "We hesabu tu, karani. Na wiski yangu usiionje."

Greer hakucheka. Huo ukingo ndio uliomnyima usingizi jana kibandani walikolala. Upande wa kulia wa mgongo wa mlima palikuwa na genge lililokatika wima, na upepo wa miezi yote ya baridi ulikuwa umejenga theluji ikatokeza nje yake kama upenu wa nyumba. Ukiwa juu yake huwezi kujua. Unaona weupe, unakanyaga weupe, na chini yako hakuna kitu.

Vidole vyake vilikuwa vimekufa ganzi. Akavaa glavu zake mpya, zawadi ya bintiye, zile zenye kifuniko cha vidole kinachofunuliwa na kujishikiza chenyewe nyuma ya kiganja. Struan alizicheka tangu siku ya kwanza, kwamba bibie kavaa soksi za mtoto mikononi. Akafunua kifuniko, kikajibana. Akaitazama dira.

"Kulia kidogo," aliita. "Kidogo tena. Hapo. Nenda."

Walisogea hivyo mara mbili. Mara ya tatu Greer alisikia shavu lake la kushoto likiwasha, kama shavu linaloanza kupata joto. Tangu asubuhi upepo ulikuwa ukilipiga shavu hilo hilo. Sasa ulikuwa kisogoni.

Upepo hugeuka, alijiambia. Dira ilikuwa imetulia mkononi, ikimwonyesha njia bila wasiwasi wowote, na kwa miaka mingi yeye mwenyewe amekuwa akiwafundisha watu: amini dira, usiamini hisia zako. Lakini kama upepo haujageuka, basi wamegeuka wao, tena kwenda kulia, na aliyewageuza ni yeye.

"Innes, upepo umehama?"

"Haujahama. Tazama mistari yake kwenye theluji. Tulikuwa tunaikata, sasa tunaifuata."

Greer akausogeza mkono wa pili karibu na dira. Sindano ikaufuata. Akauondoa, sindano ikarudi. Ndani ya kifuniko cha glavu mlikuwa na sumaku.

"Struan, simama!"

"Rundo naliona," Struan alijibu kwa furaha. "Lile pale, jeusi. Hatua kumi tu."

"Si rundo. Simama hapo hapo."

"Greer, nakwambia naliona kwa macho yangu."

"Na mimi nakwambia nimekupoteza. Ni mimi, glavu zangu zina sumaku. Unanisikia? Huna mlima chini yako. Rudi kwa nyayo zako, usiongeze hata moja."

Hakumwona tena. Alimjua Struan na ubishi wake, na akaogopa ile miaka ishirini na sita kuliko alivyoliogopa genge. Kisha akasikia viatu vikikwaruza theluji, polepole. Kisha kishindo kimoja kizito, kama mlango unaofungwa chumba cha mbali.

Innes alikuwa amemshika mkono, akiuminya bila kujua.

Struan alitoka ukunguni akitambaa kwa magoti. Nyuma yake, nyayo zake zilikatika ghafla pale upenu wa theluji ulipomeguka, na hewa baridi ikapanda kutoka gengeni. Lile jeusi lilikuwa mwamba wa ng'ambo.

Greer alilia bila kujificha. "Ningekuua."

"Ungeniua," Struan alikubali, meno yakigongana. "Kwa soksi za mtoto."

Kurudi kusingewezekana, maana mteremko waliopandia ulikuwa barafu tupu. Njia ya kushukia ilipita kileleni, na ilibidi mtu atangulie tena. Greer akamnyooshea Innes dira.

"Chukua wewe. Mimi sina mdomo tena."

Struan akaidaka kabla Innes hajaipokea. Akamvua Greer glavu, akazitia mkobani mwake, akairudisha dira kwenye kiganja kitupu.

"Utaniambia wewe," alisema, akampa mgongo, akaingia katika weupe.

Greer hakuwahi kuogopa vile. Kila neno alilipima mara tatu kabla ya kulitoa. Kushoto. Kushoto tena. Nenda. Upepo uliporudi kumchoma shavuni, aliushukuru.

Alimkuta Struan amesimama hatua moja kutoka kwenye rundo la mawe. Hakuwa ameligusa. Alifungua zipu ya koti, akavichukua vidole vya Greer vilivyogeuka vyeupe kama mishumaa, akavitia kwapani mwake.

"Acha lisubiri," alisema. "Mawe hayana pa kwenda."

Walisimama hivyo muda mrefu, Innes akiwakinga upepo kwa mgongo wake. Joto liliporudi vidoleni, kitu cha kwanza alichokihisi Greer ni moyo wa Struan, ukienda mbio kuliko wake.