Ya Maua na ya Majani

Muuza manukato alikuwa anafuta vumbi kwenye chupa za majaribio alipoingia fundi saa mstaafu, pamoja na mkewe aliyefariki mwaka jana. Mke ndiye aliyekaa. Kiti kilikuwa kimoja, na marehemu ndiye aliyetoka mbali.

"Shikamoo mama. Pole na safari."

"Marahaba, mwanangu."

"Nifungie ile ya maua," fundi akasema. "Ile ile ya kila mwaka. Ya mwisho itakuwa imekwisha."

Muuzaji haachi chupa itoke kabla haijajaribiwa. Akalowesha vijikaratasi viwili, kila kimoja kwa manukato yake, akavilaza kwenye kaunta. Kisha akapuliza ya waridi na asumini kwenye kifundo cha mkono wa kushoto wa marehemu. Cha kulia akakipulizia ya kizamani, ya majani: lavenda, rehani na magome, ambayo vinyozi huwapaka wanaume mashavuni. Fundi mwenyewe aliipaka tangu ujana. Wakasubiri. Hakuna kilichonukia.

"Manukato hutaka joto, mzee. Mshike mikono."

Fundi akamshika, jicho mlangoni asije mtu akaingia. Punde ya maua ikapanda, tamu, ikajaza duka. Marehemu akapiga chafya. Ilipopanda ya majani, akainamia kifundo chake, akafumba macho, akakaa hivyo mpaka muuzaji akaona haya, akajifanya anapanga vizibo.

"Mashati yako nilikuwa nayafua mwisho, niyanuse kwanza," mke akasema.

"Mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza lini, mume wangu? Na choo chetu, ulidhani kinanukia vile kwa nini?"

Muuzaji akacheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Fundi hakucheka. Alifikiri sana, kama alivyozoea kufikiri mbele ya saa iliyofunguliwa.

"Lakini hii ya kiume, mama watoto. Watu wa huko watakuonaje?"

"Wa huko hawana neno."

"Hata hivyo." Akamgeukia muuzaji. "Funga ya maua. Tia na utepe."

Marehemu akaipokea kwa mikono miwili, akashukuru, kama alivyoshukuru miaka yote. Akatangulia kutoka, maana njia yake ndefu.

"Umemwona alivyofurahi?" fundi akauliza.

Muuzaji akasema amemwona. Kaunta ilikuwa na kijikaratasi kimoja tu, na kilinukia waridi.