Njia ya Tisa

Alhamisi, 13 Februari 2025. Asubuhi ilikuwa ya baridi, kisha upepo ukashusha vumbi la mlima wa Menengai hadi kwenye mboga za sukuma wiki ninazouza hapa sokoni Bondeni. Nilikuwa nimefunga, sili wala sinywi, kwa ajili ya swali la hesabu.

Wiki iliyotangulia, Mwalimu Kipkemboi, anayetufundisha jioni katika ukumbi wa kanisa, alichora nyumba tatu, halafu kisima, posho mill ya kusaga unga, na kanisa. Kila nyumba iwe na njia yake ya kwenda kila moja ya hizo tatu, jumla njia tisa, na zisikatane popote. Njia nane zilinitii. Ya tisa ilikataa kila mara. Nikamwambia Mungu: usiponionyesha ya tisa kufikia Alhamisi, nitajua shule si yangu, na sitajiandikisha kwa mtihani wa kidato cha nne.

Mimi ndiye hufungua darasa kwa maombi. Alhamisi hiyo jioni niliiombea njia ya tisa hadi Anyango, anayeketi nyuma yangu, akasema, "Amina, Mama Thuo. Mwachilie Mungu, ako na wagonjwa pia."

Tukacheka sote. Kisha mwalimu akasema, "Kwa karatasi haiwezekani. Chora vile unataka, njia zitazunguka nyumba moja kama ua, na mahali inataka kwenda patabaki nje."

Nikafunga begi.

"Mathe, unaenda wapi?" mwalimu akaniuliza.

Nikawaeleza nilivyomwambia Mungu. Hakuna aliyecheka.

"Nimesema kwa karatasi," mwalimu akasema. "Si wewe ndiye umemfungia Mungu kwa karatasi?" Akamaliza chai yake, akanipa kikombe cheupe cha bati na kipande cha makaa. "Chora hapa."

Nikachora nane. Moja ilipita chini ya mkono wa kikombe. Nyumba ya mwisho ilibaki upande mmoja wa njia hiyo, kanisa upande wa pili. Nikapandisha makaa juu ya mkono, kama mtu anayevuka daraja, nikashukia kanisani. Hakuna njia iliyokatwa.

"Asante Yesu," nikasema polepole.

"Sasa kunywa chai," Anyango akasema akinimiminia katika kikombe hicho hicho, "kabla hujafuta kanisa na vidole."

Nilikunywa nimesimama. Kisha nikawageukia wote. "Mbele ya Mungu na mbele yenu, kesho asubuhi ninajiandikisha. Mtihani nitaufanya, hata nikianguka."